Tusijenge zahanati kwa kubahatisha

Msomaji, juma hili sitazungumzia ugonjwa wowote. Nitazungumzia nauli, na utaona kabla hatujaagana kwamba nauli nayo huua.

Jumamosi moja jioni, mama mmoja aliingia katika chumba changu cha matibabu akiwa amembeba mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Mtoto alikuwa akipumua kwa shida, ngozi ya kifua ikibonyea ndani kila alipovuta hewa. Dalili hiyo haihitaji mtaalamu; ni nimonia kali. Nilimuuliza mama huyo swali ambalo sisi madaktari tumezoea kuwatupia wazazi kama karipio: "Mama, mbona umechelewa hivi?"

Alinitazama, kisha akasema kwa upole: "Daktari, sikuchelewa. Alianza kuumwa Alhamisi. Zahanati ya kwetu haikuwa na dawa, ile ya pili nikaikuta imefungwa, na ya kuja huku nikawa natafuta nauli."

Tulimwanzishia mtoto matibabu na kumpeleka hospitali kubwa usiku huo huo, na namshukuru Mungu alipona. Lakini jibu la mama yule halijanitoka moyoni. Alikuwa amepita vituo viwili vya matibabu vilivyojengwa kwa pesa za umma. Vyote viwili, katika karatasi za serikali, vilihesabiwa kuwa vinamhudumia yeye na mwanawe. Ni nani aliyeamua vijengwe pale vilipojengwa, na alitumia hesabu gani?

Maoni yangu ni kwamba, mara nyingi, hakuna hesabu iliyotumiwa. Mheshimiwa fulani aliahidi, kipande cha ardhi kikapatikana, mawe yakaletwa, utepe ukakatwa. Pale ambapo hesabu ilitumiwa, ilikuwa ni ile ya kuchukua bikari, kuchora duara la kilomita tano kuzunguka jengo, na kutangaza kwamba kila aliyemo ndani ya duara amefikiwa na huduma. Kana kwamba wagonjwa huruka angani kama ndege! Katika jiji kama Nairobi, kilomita tano zaweza kuwa na mto usio na daraja, barabara kuu isiyovukika kwa miguu, au matatu mbili za kubadilisha mjini.

Ipo hesabu iliyo bora zaidi. Haikuzaliwa jana, na wala si siri. Jina lake linatisha kidogo: hesabu ya entropia katika miji na mikoa. Usifunge ukurasa, msomaji. Nitaieleza kwa lugha ya sokoni.

Umbali una sheria zake

Sisi madaktari hatukuwa wa mwisho kulitambua jambo hili. Mwaka wa 1850, daktari mmoja wa Marekani, Edward Jarvis, alichunguza daftari za hospitali za wagonjwa wa akili. Akaona kwamba watu wa maeneo yaliyokuwa karibu na hospitali walipeleka wagonjwa wengi, na kadiri umbali ulivyozidi ndivyo idadi ilivyopungua. Yaani wazimu haukuwa haba mashambani. Safari ndiyo iliyokuwa ndefu.

Baadaye wataalamu wa biashara walikuja na wazo lao. Mwaka wa 1931, William Reilly, naye wa Marekani, alisema kwamba miji huwavuta wanunuzi jinsi jua linavyovuta sayari: mji mkubwa huvuta zaidi, na mvuto hupungua haraka kadiri umbali unavyoongezeka. Kanuni hiyo ilifanya kazi kwa kiasi cha kushangaza. Lakini ilibaki na kasoro moja kubwa. Mwanadamu si sayari. Mama anayekwenda sokoni hamjui Newton wala Newton hamjui yeye. Kwa nini basi safari zake zifuate kanuni ya nyota?

Jibu lilitolewa na Mwingereza aitwaye Alan Wilson, mwanahisabati aliyeacha utafiti wa fizikia akaingia katika masuala ya usafiri na mipango ya miji. Mwaka wa 1967 alichapisha makala yaliyobadilisha fani hiyo, na mwaka wa 1970, mwaka ambao pia alianza kuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Leeds, akatoa kitabu kizima juu ya entropia katika vielelezo vya miji na mikoa. Wazo lake ni rahisi, na nitakuonyesha kwa watu sita tu.

Watu sita, shilingi mia mbili

Tuchukue ploti moja yenye wapangaji sita, wote wagonjwa siku moja. Kuna mahali patatu pa kutibiwa. Zahanati iko jirani, wanaweza kwenda kwa miguu bila nauli. Kituo cha afya kiko mbali kidogo, nauli ni shilingi 50. Hospitali kubwa iko mjini, nauli ni shilingi 100. Hatujui ni nani aliyekwenda wapi. Tunachojua ni kwamba, kwa jumla, wapangaji hao walitumia shilingi 200 za nauli.

Je, waligawanyikaje? Kwa nauli ya shilingi 200 kuna uwezekano wa aina tatu pekee. Mosi, wawili walibaki zahanati na wanne wakaenda kituo cha afya. Pili, watatu walikwenda zahanati, wawili kituo cha afya na mmoja hospitali. Tatu, wanne walikwenda zahanati na wawili hospitali.

Sasa hesabu njia. Aina ya kwanza yaweza kutokea kwa njia 15, kwa kuwa kuna njia 15 za kuwachagua wawili wa kubaki miongoni mwa sita. Aina ya tatu vilevile ina njia 15. Lakini aina ya pili, ile ya watatu, wawili na mmoja, ina njia 60. Kwa jumla ni njia 90, na 60 kati yake ni za aina ya pili. Ukilazimika kukisia bila kujua lolote zaidi, ukisie aina ya pili. Utapatia mara mbili katika kila mara tatu.

Hebu tazama tena nambari hizo: watatu karibu, wawili mbali kidogo, mmoja mbali zaidi. Huo ndio mpungufu wa umbali ambao Jarvis aliuona katika daftari zake! Hatukuuweka sisi. Hatukusema kwamba watu hupenda karibu. Umejitokeza wenyewe, kwa sababu tu pesa za nauli zilikuwa na kikomo. Na ukifanya hesabu hii kwa watu laki sita badala ya sita, mgawanyiko ule wenye njia nyingi huwashinda wenzake kwa mbali mno, hata huwa karibu ni hakika.

Wingi wa njia ambazo jambo laweza kutokea ndio kiini cha entropia. Neno lenyewe lilibuniwa mwaka wa 1865 na Mjerumani Rudolf Clausius, aliyekuwa akichunguza joto na mashine. Ludwig Boltzmann wa Austria ndiye aliyelihusisha na kuhesabu njia, na kanuni hiyo imechongwa katika kaburi lake mjini Vienna. Wao walikuwa wakihesabu chembe za hewa. Wilson alihesabu abiria.

Mvua inaponyesha

Haya sasa, msomaji, tuendelee na ploti yetu, kwa maana hapa ndipo hesabu inapogeuka kuwa suala la uhai.

Mvua inanyesha. Kila mkazi wa Nairobi anajua kinachofuata: makanga anapandisha nauli papo hapo. Shilingi 50 zinakuwa 100, na 100 zinakuwa 200. Wapangaji wetu ni wale wale, maradhi ni yale yale, na mifukoni mna shilingi 200 zile zile.

Sasa kuna uwezekano wa aina mbili tu. Wanne wabaki zahanati na wawili waende kituo cha afya, jambo ambalo lina njia 15. Au watano wabaki zahanati na mmoja aende hospitali, jambo ambalo lina njia 6. Yaani katika njia 15 kati ya 21, hakuna hata mmoja anayefika hospitali.

Msimamizi wa hospitali atafungua daftari mwisho wa mwezi na kuona kwamba kutoka mtaa ule hakuja mgonjwa. Akiwa mtu wa haraka, atasema: "Kule hali ni nzuri, tupunguze vitanda." Kumbe hakuna aliyepona. Nauli ndiyo iliyopanda.

Hili ndilo linalonifanya niandike. Daftari za hospitali zetu huhesabu waliofika. Hazihesabu maradhi. Anayepanga huduma kwa kuangalia waliofika tu huongeza vitanda pale penye barabara nzuri na kuvipunguza pale penye matope, na mwaka unaofuata daftari humthibitishia kwamba alifanya vyema. Wenye nacho huongezewa. Kielelezo cha entropia, kwa kuwa kinaitenga nauli na haja, kinaweza kutuonyesha ni wangapi wangekuja kama safari isingekuwa kikwazo. Duara la bikari haliwezi.

Kukiri usichojua

Huenda ukasema: "Daktari, hizi ni bahati nasibu. Wanadamu si chembe za hewa. Kila mtu ana sababu yake."

Ni kweli, kila mtu ana sababu yake. Mmoja humfuata muuguzi wa kwao anayejua lugha yake, mwingine humkimbia muuguzi huyo huyo kwa sababu ni jirani na atatoboa siri. Hesabu hii haidai kuzijua sababu hizo. Inakiri kwamba haizijui, na hapo ndipo penye nguvu yake. Claude Shannon mwaka wa 1948 aliitumia entropia kama kipimo cha kutojua, na Edwin Jaynes mwaka wa 1957 akafundisha funzo linalofaa kubandikwa katika kila ofisi ya mipango: tumia yote unayoyajua kwa hakika, na usijifanye kujua hata kidogo zaidi ya hapo.

Sisi waganga tulichelewa kujifunza adabu hiyo. Kwa miaka mingi, kila homa iliyoingia katika vituo vyetu iliitwa malaria na ikapewa dawa ya malaria. Tulidai kujua tusichojua. Ni mwaka wa 2010 ambapo Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza kabla ya kutibiwa. Anayejenga zahanati bila kuuliza wagonjwa hutoka wapi hana tofauti na daktari anayetoa dawa bila kupima. Tofauti pekee ni kwamba kidonge kisichofaa hutoka mwilini baada ya siku chache, ilhali jengo lisilofaa hukaa miaka hamsini.

Mvuto hauko katika mawe

Kuna jambo la pili katika hesabu za Wilson ambalo viongozi wetu wangelifahamu tungeokoa pesa nyingi. Mbali na umbali, kielelezo huuliza kila mahali pana mvuto kiasi gani. Kwa duka, mvuto ni bidhaa na bei. Kwa kituo cha matibabu, mvuto ni dawa, muuguzi, maabara na mlango uliofunguliwa.

Kila baada ya muda husikika lawama kwamba wananchi huzijaza hospitali za rufaa kwa maradhi madogo ambayo yangetibiwa mtaani. Wanalaumiwa, wanahubiriwa, na hata kutozwa ada zaidi. Mimi nasema tuache kuwakaripia. Mgonjwa anayelipa nauli kuipita zahanati ya karibu amekwisha kupiga kura kwa miguu yake. Ametueleza kwamba kule karibu mvuto ni sufuri, na kitu chochote ukikizidisha kwa sufuri unapata sufuri, hata kikiwa mlangoni pake.

Hazina ya Maendeleo ya Maeneo Bunge ilipoanzishwa mwaka wa 2003, zahanati nyingi zilichipuka kote nchini, na si chache zilizobaki kuta na mabati bila mhudumu wala dawa. Kulingana na duara la bikari, wananchi walikuwa wamefikiwa. Kulingana na hesabu ya mvuto, hakuna kilichobadilika. Pengine zahanati moja iliyopo ikiajiri wauguzi wawili zaidi na kubaki wazi jioni na mwisho wa juma ingewasaidia watu wengi kuliko majengo matatu mapya. Nasema pengine, kwa sababu jibu la hakika linapatikana kwa kupiga hesabu, na wala si kwa kusikiliza daktari wa gazetini.

Wengine wamekwisha kuitumia

Hili si jambo la kinadharia. Huko Leeds, kampuni iliyozaliwa chuoni kwa jina GMAP ilitumia hesabu hizi kuwashauri wafanyabiashara wa rejareja na wauzaji wa magari mahali pa kufungua maduka. Hapo ndipo penye aibu yetu: mwenye duka anajua mteja wake wa sabuni anatoka mtaa gani, lakini wizara haijui mjamzito wake anatoka wapi.

Katika afya, wataalamu Leslie Mayhew na Giorgio Leonardi waliitumia hesabu ya jamii hii miaka ya 1980 kuchunguza ugawaji wa huduma za hospitali jijini London. Waliweka mezani malengo ambayo kila kiongozi huyataja kwa pumzi moja: usawa, ufanisi, na wepesi wa kufikia huduma. Hesabu huonyesha kwamba malengo hayo huvutana. Ukiweka vitanda pale vitakapofikiwa kwa urahisi na wengi, utawaacha wa pembezoni. Ukiwafuata wa pembezoni, utalipa zaidi kwa kila mgonjwa. Kuchagua kati ya hayo ni kazi ya siasa, na sina ugomvi na siasa. Ugomvi wangu ni na siasa inayochagua gizani kisha ikasema haikuwa na chaguo.

Hapa kwetu, watafiti wakiongozwa na Amy Wesolowski walichapisha mwaka wa 2012 uchunguzi wa safari za Wakenya uliotegemea kumbukumbu za simu za mkono za watu karibu milioni 15, zilizokusanywa kati ya mwaka wa 2008 na 2009 bila kutaja majina. Waliziunganisha na ramani za malaria, na wakaonyesha jinsi vimelea husafiri pamoja na abiria, hasa kutoka maeneo ya Ziwa Viktoria kuja Nairobi, jiji ambalo lenyewe halina malaria ya kutisha. Kwa daktari wa Nairobi, somo hilo ni la kila siku: mgonjwa mwenye homa lazima aulizwe kama alikuwa nyumbani ushago juma lililopita. Na kwa mpangaji, ni uthibitisho kwamba safari za watu zina mkondo unaoweza kuhesabiwa.

Tena, vifaa vya kazi tunavyo. Mwaka wa 2014, Chuo Kikuu cha Nairobi kwa ushirikiano na wenzao wa Marekani kilitoa ramani ya njia zaidi ya 130 za matatu, iliyokusanywa kwa simu za mkono. Sensa ya mwaka wa 2019 ilihesabu wakazi 4,397,073 wa Nairobi. Njia tunazo, watu tunawajua, vituo vipo. Kinachokosekana ni kuviunganisha.

Wasioonekana

Nisingekuwa mkweli nisipokutajia hatari zake. Kwanza, kielelezo hujifunza kutokana na safari zilizofanyika. Mlemavu asiyeweza kupanda matatu, mzee asiye na simu, mke anayenyimwa ruhusa ya kutoka. Hao hawamo katika data, na hesabu isiyochunga itawafuta kimyakimya.

Pili, uzito wa nauli si mmoja kwa wote wala kwa kila ugonjwa. Mwenye saratani atauza mbuzi aende hospitali ya mbali. Mwenye shinikizo la damu, ambaye haumwi popote, hatalipa hata shilingi hamsini kwenda kupimwa, na ndiyo maana tunampokea siku aliyopooza. Kwa mjamzito anayevuja damu, saa ndiyo nauli. Mwaka wa 1994, Sereen Thaddeus na Deborah Maine walieleza kwamba akina mama hufa kutokana na ucheleweshaji wa aina tatu: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Serikali ilipofuta ada za kujifungua katika hospitali za umma mwezi Juni 2013, iliondoa kikwazo kimoja cha maana sana. Lakini teksi ya saa nane za usiku haikufutiwa ada. Kwa hiyo kila aina ya huduma ipigiwe hesabu yake: ya uzazi peke yake, ya watoto peke yake, ya maradhi ya muda mrefu peke yake.

Tatu, kumbukumbu za simu ni siri za watu. Tunayo Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019, na yeyote atakayezitumia aibebe sheria hiyo mkono mmoja na kikokotoo mkono wa pili.

La kufanya

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mapendekezo yangu ni matatu, na hakuna hata moja linalohitaji mkopo kutoka nje.

La kwanza ni kwa serikali za kaunti, ambazo tangu mwaka wa 2013 ndizo zenye dhamana ya zahanati, vituo vya afya na hospitali za kaunti. Kila mgonjwa anaposajiliwa, aulizwe mambo mawili zaidi: leo umetoka mtaa gani, na umelipa nauli kiasi gani. Maswali mawili, nusu dakika. Baada ya mwaka mmoja kaunti itakuwa na ramani ya safari za wagonjwa wake ambayo hakuna mshauri wa kigeni angeweza kuiuza. Na ili tusiwasahau wasiofika, wahudumu wa afya wa jamii wanaopita nyumba kwa nyumba waulize nao: ni nani hapa aliugua mwezi huu na hakwenda popote, na kwa nini?

La pili ni kwa vyuo vyetu vikuu. Wanafunzi wa jiografia, hisabati na uhandisi huandika tasnifu kila mwaka ambazo huishia katika rafu zenye vumbi. Wapewe daftari hizo, majina yakiwa yameondolewa, na watuambie zahanati inayofuata ijengwe wapi au, muhimu zaidi, ni ipi iliyopo inayofaa kuongezewa saa.

La tatu ni kwako, msomaji. Wewe nawe una kosa ambalo naliona kila siku. Karani wa mapokezi anapokuuliza unakoishi, wengi wenu hutaja kijiji cha nyumbani, eneo lililoandikwa katika kitambulisho, au husema tu "Nairobi". Labda unaona aibu kutaja mtaa wako, au unaona swali halina maana. Lina maana. Mgonjwa wa mtaa wa mabanda anayejiandikisha kama mkazi wa mashambani ameuondoa mtaa wake katika hesabu, na bajeti itakapogawanywa mtaa huo hautaonekana. Taja unakolala.

Pili, kaunti inapoita wananchi kutoa maoni juu ya bajeti au mpango wake wa miaka mitano, nenda. Wengi huenda kudai wajengewe zahanati. Wewe simama uulize: "Mtaijenga wapi, na kwa hesabu gani? Wagonjwa wake watatoka wapi, watalipa nauli ngapi, na Jumamosi jioni itakuwa wazi?" Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa. Nalipenda neno hilo "kufikiwa". Kwa mwanasheria lina maana yake. Kwa mama aliyebeba mtoto mwenye nimonia lina maana moja tu, nayo ni ya barabarani.

Na wakati tukisubiri, chukua tahadhari hii ya daktari. Juma hili, kabla mtu hajaugua, jua kituo kilicho karibu nawe hufunguliwa saa ngapi na siku zipi, na ni kipi kilicho wazi usiku. Ikiwa nyumbani mna mjamzito au mtoto mdogo, tenga nauli ya dharura isiyoguswa hata sukari ikiisha. Mtoto akipumua kwa kasi huku kifua kikibonyea ndani, akishindwa kunyonya, au akipata degedege, usingoje asubuhi wala usingoje nauli ishuke. Amka, gonga mlango wa jirani, ukope.

Nami nimejifunza. Siku hizi siwaulizi tena wazazi kwa nini wamechelewa. Nawauliza wamepitia wapi.